Gogo la Nyuki Kwenda Mazingara

Mbwana alikuwa kibarua wa kukata miti Korogwe, enzi Wajerumani walipokuwa wakiisogeza reli kuelekea Mombo. Siku moja mti alioangusha ulipasuka, na ndani ya uwazi wake akaona nyuki wadogo weusi, wale wasiouma. Moyo ukamruka. Mkewe Mashavu, aliyemwacha Mazingara na mimba changa, alikuwa haachi kuitamani asali yao yenye uchachu.

Siku ya ruhusa alikata kipande chenye nyuki, akangoja jioni waingie wote, akaziba tundu kwa majani, akajitwika.

Asubuhi, kwenye kivuko cha mto wa Korogwe, alimkuta askari akikamata watu wa kubeba mizigo ya bwana wake Mjerumani.

"Wewe! Tua hilo gogo, beba sanduku!"

"Afande, humu mna nyuki."

"Nyuki gani kimya hivyo? Mwongo mkubwa!" Askari akazibua tundu.

Walitoka kama moshi. Wakamwingia masikioni, puani, kwenye nyusi. Hakuna hata mmoja aliyemuuma, lakini yeye hakungoja kujua. Alitupa kofia, akajitosa mtoni na buti zake, akilia, "Mama, nakufa!" Wapagazi nao wakatawanyika, wakikimbia huku wanacheka.

Mbwana akakaa palepale kando ya gogo, nyuki wakimtambaa kichwani, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Jioni waliporudi ndani, akaziba tena. Mwenye mtumbwi akamvusha peke yake, akipiga kafi huku amegeuza uso.

Alipofika nyumbani, Mashavu alitoka mlangoni, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Nimekuletea asali ya nyuki wadogo!"

Mashavu akalitazama gogo, akamtazama mumewe, akajikaza asicheke. "Jamani, Mbwana! Hiyo niliitamani wakati ule. Sasa hata harufu yake inanichefua. Natamani perege."

"Perege wa wapi?"

"Wa mto ule wa Korogwe."

Mbwana akaketi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama yake, Bibi Fatu, alikuwa ameshashika bakuli.

"Asiyetaka asile," alisema. "Wewe mwanangu litundike gogo hapa ukutani. Mimi nipo."

Kesho yake Mbwana alivua kambare kwenye kijito cha jirani. Mashavu akala mpaka akaramba vidole, wala hakuuliza jina la samaki.