Samaki Aliyepasuliwa Mgongoni

Mwaka 1936 alikuja kwetu Mwaya mzungu mmoja, mkusanyaji wa jumba la makumbusho la kwao. Hakutaka pembe wala ngozi. Alitaka samaki, wakubwa kwa wadogo, akawatumbukiza kwenye chupa za spiriti na kuwafunga vikaratasi. Watu wakamwita Bwana Samaki, naye akadhani ni heshima.

Baba yangu, Yotamu, ndiye aliyemwonyesha ziwa. Bwana Samaki aliposikia habari za samaki mweusi wa majabalini, yule anayekaa kilindini milima inapoingia majini, alisema hakuna makumbusho yenye samaki huyo. Atakayemleta ataandikwa jina pamoja naye, na litasomwa hata miaka mia ijayo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi tu, Felista. Ahadi ile ilimwingia kama homa.

Alimpata siku ya tisa. Bwana Samaki alikuwa amekwenda Tukuyu, arudi kesho yake. Baba akamkabidhi mama samaki, akamwambia amhifadhie mgeni vizuri, kisha akalala kwa uchovu.

Mama akamhifadhi. Kwetu mgeni hapewi samaki mwenye matumbo, ni kumtukana. Akampasua mgongoni, akamsafisha, akamkausha kwa moshi, akamlaza ndani ya chungu kipya alichokifinyanga mwenyewe. Mama alitumia mkono wa kushoto, na kisu chake kilianzia mkiani kwenda kichwani, kinyume cha wanawake wote wa ufuko wetu.

Bwana Samaki alifunua chungu, akacheka kwanza, kisha akakasirika. Alisema samaki ameharibiwa, hafai kitu, na hakuna jina litakaloandikwa. Lakini alimchukua, chungu na vyote, akapanda meli. Hatukujiuliza kwa nini mtu abebe kisichofaa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baba hakumpiga mama, wala hakumgombeza. Alinyamaza tu. Miaka kumi na minne alikula chakula chake bila kumtazama usoni, na kila mama alipomwandalia samaki alimwomba radhi upya. Mama alikufa hajajibiwa.

Mwaka uliofuata shule niliyokuwa nikifundisha ilipokea kasha la vitabu vikuukuu. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha makumbusho kuhusu samaki wa ziwa letu. Nilikifungua nikamwona, mweusi, amejaa ukurasa mzima. Waliandika kwamba ni wa kwanza wa aina yake kujulikana, na amepewa jina la Bwana Samaki, aliyempata mwenyewe Mwaya, 1936. Chini yake mstari mmoja mdogo: amepasuliwa na wenyeji, mgongoni, kuanzia mkiani.

Nilimpelekea baba, nikamsomea yote. Hakuuliza juu ya jina lake. Aliweka kidole mkiani mwa yule samaki, akakipitisha polepole juu ya mpasuo mpaka kichwani.

"Ni mkono wake," alisema. "Kumbe alifaa."

"Alifaa, tata. Tangu siku ile," nilimjibu baba.

Akaanza kulia. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa. Nilikifunga kijitabu, nikamwambia kwamba aliyepaswa kuambiwa maneno hayo amelala kule migombani, na hasikii. Kisha nikaenda zangu shuleni, watoto walikuwa wananingoja.