Tonge la Heshima

Binti yangu alinipigia simu Jumatatu akaniambia mambo mawili. La kwanza, ule mgahawa mkubwa wa samaki wa mjini, unaoonyeshwa kwenye televisheni kila wakitafuta la kuonyesha, umempa siku ya majaribio. Jumamosi mchana atawapikia wageni sahani ya kwake mwenyewe. La pili, jikoni kwake nisije.

"Mama, nakujua," alisema. "Ukija utasema."

Nikamwuliza nitasema nini. Akajibu kuwa hicho ndicho asichokijua, na ndicho kinachomnyima usingizi.

Alinieleza pia wanavyopimwa. Mpishi mkuu wa pale ni mtu asiye na maneno. Hasifu, hakaripii, wala hamwambii mtu "umefaulu". Husimama karibu na sinki akatazama sahani zinavyorudi. Zikirudi na mabaki, mwombaji anafungasha visu vyake na kwenda zake. Zikirudi tupu, mpishi mkuu mwenyewe anakaa chini na kula chakula kile kile. Akiimaliza sahani yake, umepata kazi. Akibakisha, basi.

Huo ulikuwa mgahawa wa tatu kumjaribu, na tulikwisha kubaliana kuwa wa tatu ndio wa mwisho. Akikosa hapo, anarudi nyumbani na kuanza kazi kwenye ghala la hospitali chini yangu. Mimi nina stashahada ya usimamizi wa ghala, na ukiniamsha usingizini nitakwambia glavu ziko rafu gani. Kazi hiyo naipenda. Yeye ingemkausha kabla ya chai ya saa nne. Mtoto anayenusa jani la bizari na kufumba macho humweki mahali penye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Basi nikamwahidi kwamba mguu wangu hautakanyaga jiko lile. Habari ya meza hakuniuliza, na mtu huahidi anachoombwa.

Nilikwenda na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa kwetu miaka mingi sasa. Tunamwita Redio, ila redio ina kitufe cha kuzimia. Yeye migahawa ya mjini yote anaijua kwa kuitazama kwenye televisheni, na akatangaza kuwa hatuwezi kusafiri mwendo wote ule tukale mara moja kama wagonjwa. Chai tutakunywa kwenye mgahawa wa juu ya ghorofa, ule unaozunguka. Baada ya hapo tutapitia mahali pengine tuonje kitu kidogo tu, halafu ndipo twende kwa mtoto. Mume wangu akatuuliza kama tunasafiri au tunakwenda kulipiza kisasi cha njaa ya ukoo mzima.

Tukapanda treni ya alfajiri. Wifi alivaa kofia pana na miwani ya jua ili asitambulike. Nikamwambia mtoto atakuwa jikoni, hatatuona. Akasema hajavaa kwa ajili ya mtoto.

Kule juu ya ghorofa palikuwa na zulia linalomeza viatu, na jiji lote lilikuwa chini yetu kama vyombo vilivyoanikwa. Wifi akaweka mkoba wake kwenye ukingo wa dirisha ili ainue kikombe kwa mikono miwili, kistaarabu. Hakuna aliyetuambia kwamba meza ndizo zinazozunguka, dirisha limesimama. Alipogeuka kuutafuta mkoba, haukuwepo. Akanong'ona kwamba tumeibiwa na watu waliovaa tai. Nilipomwona mhudumu anajizuia kucheka ndipo nikaelewa, nikanyanyuka. Tuliufuata mkoba meza kwa meza, tukiomba radhi, mpaka tukaukuta mbele ya mzee mmoja na mkewe. Mkewe alikuwa ameukazia macho mkoba ule, halafu anamkazia mumewe. Wifi akamwambia, "Dada, ni wangu, lakini mumeo simjui." Mke yule alicheka mpaka akashika meza. Sisi tulicheka kwenye lifti ghorofa zote, kutoka juu hadi chini.

Kabla ya kuondoka pale tulikuwa tumeacha kila mmoja tonge moja kwenye sahani ya vitafunio. Kwetu ndivyo tulivyo. Marehemu mama yangu alisema sahani iliyolambwa humwambia mpishi, "Umenilaza njaa." Kwa hiyo unabakisha tonge moja, unalikusanya vizuri upande wa kushoto, na hilo ni la mpishi, ndiye anayelila. Tukaliita tonge la heshima. Watoto wangu walijua kuliacha kabla hawajajua kufunga vifungo, na wifi alipohamia kwetu alijifunza wiki ile ile. Kwenye lifti nikamkumbusha: huku kote acha upendavyo, ila kwa mtoto usiache hata punje. Akaniambia nisimfundishe kula, kazi hiyo ana uzoefu nayo.

Hicho kitu kidogo cha kuonja kilikuwa nyama. Wahudumu walipita na vijiti virefu vya chuma vimejaa nyama inayotoa moshi, wanakukatia pale pale mezani. Juu ya meza palikuwa na kigogo kidogo cha mbao, upande mmoja kijani, upande wa pili mwekundu. Kilinizuia kuifikia chumvi, nikakisogeza. Wakaleta nyama, tukala. Wakaleta nyingine. Wifi akasema huu ndio ukarimu, watu wa mjini wanasingiziwa bure. Wakaleta ya tatu, na ya nne, na mimi si mtu wa kutupa chakula. Nilipohisi kope zinaanza kuwa nzito nikamkamata mhudumu mkono, nikamwuliza kama tumewakosea nini. Akakichukua kile kigogo kwa adabu, akakigeuza upande mwekundu ukawa juu. Kumbe kijani ni kuita, na muda wote sisi ndio tuliokuwa tunaita.

Tukafika kwa mtoto tunatembea kama watu waliobeba ndoo kichwani.

Mgahawa ule ni wa kweli, sitaki kusema uongo. Vitambaa vya meza vimepigwa pasi mpaka pembe zinakata, glasi zinameta, na mlango wa jikoni una dirisha la duara kama la meli. Mhudumu alikuwa kijana mmoja mwenye tai ya kipepeo na sauti ya kubembeleza. Akatuambia leo kuna chakula maalumu cha mpishi mgeni: samaki wa kuoka, mchuzi wa tangawizi na viazi vya kuponda. Wifi akamwuliza kama sahani ni kubwa. Akajibu kwa fahari kwamba hapa hawamwonei mgeni choyo. Wifi akafumba macho.

Nilikuwa nimejiandaa kummeza samaki yule kama dawa, kijiko baada ya kijiko, kwa ajili ya mtoto. Nikatia kipande cha kwanza mdomoni, nikaisahau dawa. Mimi si mtu wa kusifu wanangu. Aliyeleta alama nzuri nilimwuliza mbona si nzuri zaidi. Lakini samaki yule alikuwa amekauka juu, laini ndani, na tangawizi ilikuja nyuma polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikamtazama wifi. Redio ilikuwa imezimika. Machozi yalimlenga chini ya miwani ya jua.

"Huyu mtoto wetu?" aliuliza hatimaye.

"Kula," nikamwambia.

Utamu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nafasi. Tulipofika nusu ya sahani wifi akalegeza mkanda wa gauni. Ilipobaki robo akasema nimwache apumue, samaki anaziomba nyama zile zisogee zimpishe akae. Nikacheka huku nimejaza mdomo, na kicheko kilichozuiwa ni kibaya kuliko kikohozi. Yeye akaniona, akashikwa naye. Meza ya jirani wakatugeukia, tukainama juu ya sahani mabega yanatikisika kama wanafunzi wa kiti cha nyuma. Lakini tulikula. Tulikula mpaka tukaweka uma chini pamoja, tukajifuta midomo kwa ushindi. Mhudumu akabeba sahani, mimi nikaegemea kiti nikimshukuru Mungu.

Alipokuwa anakaribia mlango wa duara nikaziona zile sahani kwa upande. Zilikuwa safi, ila upande wa kushoto wa kila moja palikuwa na tonge, limekusanywa vizuri.

Nikamtazama wifi. Akaitazama mikono yake kama si yake.

Nilikuwa sijakimbia tangu mwanangu wa mwisho aanze shule, lakini siku ile nilikimbia kati ya meza zile nikisema samahani, samahani, na kofia ya wifi ikinifuata nyuma. Nilimfikia mhudumu mlango ukiwa umeshafunguka. Nikakumbuka ahadi, nikauzuia mguu wangu hewani. Nikasimama kizingitini kwa mguu mmoja, nikashika bega la mhudumu nisianguke, nikachukua tonge la kwanza kwa mkono, nikala. Nikachukua la wifi, nikala.

Nilipoinua uso, mpishi mkuu alikuwa mbele yangu, mikono nyuma. Nyuma yake alikuwa binti yangu, ameshika kikaango, uso wake umekuwa wa mtu anayeota ndoto mbaya na anajua ataendelea kuiota.

"Mama," akasema mpishi mkuu, "tulikupunja?"

Nikatafuna, nikameza. Ningeweza kutunga la kusema. Lakini rundo la sahani tupu lilikuwa pale mezani karibu na sinki, zimerudi kwa haki, na sikutaka zangu ziziharibu.

"Huyo ni mwanangu," nikasema. "Hizi mbili usizihesabu."

Wifi akasema nyuma yangu kwamba yeye hana undugu na mtu yeyote hapa, anapita tu.

"Shangazi," akasema binti yangu kwa unyonge.

Mpishi mkuu akazitia sahani zetu kwenye sinki. Kisha akavuta stuli, akakaa kwenye meza ya chuma iliyo kando ya mlango, na binti yangu akamwekea sahani. Akala. Sijaona mtu akila taratibu vile. Jiko zima lilikuwa linafanya kazi huku linamtazama kwa pembe ya jicho. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, sasa kwa miguu yote miwili, upande wa halali. Alikula samaki, akala viazi, akafuta mchuzi. Halafu akaweka uma chini, akaisogeza sahani mbele ya binti yangu.

Alikuwa amebakisha.

Nikafungua mdomo. Wifi akanifinya mgongoni, lakini hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa kunifinya. Kilichonifunga ni binti yangu, aliyekuwa ameweka kiganja kinywani na mabega yanamtikisika. Nikaitazama sahani tena. Lilikuwa tonge moja, upande wa kushoto, limekusanywa vizuri.

"Asubuhi tulikula pamoja kabla ya zamu," mpishi mkuu akaniambia, na naona alitumia maneno yake ya wiki nzima. "Chakula nilipika mimi. Huyu akaniachia tonge. Nilitaka kumfukuza hajawasha hata jiko. Nikamwuliza kwanza." Akaigusa sahani kwa kidole. "Hilo ni la mpishi."

Mkono wa wifi ukapita chini ya kwapa langu kuelekea kwenye sahani. Nikaupiga kofi. Lile lilikuwa na mwenyewe.

Binti yangu akalichukua, akalila akiwa amefumba macho, machozi na kicheko vinashuka pamoja. Alipomaliza akajifuta kwa aproni, akanigeukia.

"Haya, mama. Sema."

"Viazi vina mabonge," nikasema.

Mpishi mkuu akanyanyuka, akarudisha stuli mahali pake.

"Jumatatu," akamwambia, "utaanza na viazi."