Mwaka Mzima Bila Homa

Kabula hakupanda basi la alfajiri kutoka Usevya hadi Mpanda kwa kutalii. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kisu, na kisu hicho kilimeza nusu ya zizi la mumewe, Mwandu. Kabla hajabeba mimba nyingine alitaka kadi ya bima.

Wakala aliitwa Richard. Viatu vyake vilimeta kama vya bwana harusi, na alijifungia koti zito hadi kidevuni ingawa nje jua lilichoma mabati.

"Mwaka huu umeugua homa, dada?"

"Masika yote, kama kila mtu. Tunalima mpunga, tunashinda majini."

"Ulipimwa?"

"Nipimwe nini, kaka? Nilinunua mseto dukani." Kwao homa yoyote ni malaria, na mtu akimaliza dozi anarudi shambani.

Richard akakunja pua. "Ndiyo shida yenu nyie wa vijijini. Homa inarudi rudi, majibu ya maabara hakuna. Kampuni itajuaje una nini? Rudi ukimaliza mwaka mzima bila homa."

Mwaka mzima bila homa, Usevya. Heri angemtuma akawafundishe mbu kufunga Kwaresma.

"Jirani yangu Maduhu mlimpa kadi. Na masika hayo hayo tulimpakia kwenye bodaboda anaweweseka."

"Maduhu alisema hajaugua." Richard akashusha sauti. "Hata wewe tunaweza kuanza upya. Ujibu vizuri tu."

"Halafu nikipasuliwa, mkagundua nilidanganya, mtalipa?"

Richard akainamia fomu. Kalamu ilimtetemeka mkononi, na meno yakaanza kugongana.

"Unaumwa, kaka."

"Uchovu tu wa safari."

Kabula akajifunga khanga vizuri, akasimama. Huyu ndiye aliyekuja kuwapima wengine. "Nenda kapimwe. Ila majibu usiwaonyeshe kampuni yako, watakusubirisha mwaka."

Jioni alimkuta Mwandu akifunga ndama.

"Kadi iko wapi?"

"Hiyo unayoifunga kamba. Wanataka watu ambao hawaugui, labda wakawatafute makaburini."

Mwandu akacheka, kisha akakaza fundo. "Na mtoto?"

"Mpaka huyu ndama akue, azae," Kabula akasema akiingia ndani, "mimi na wewe tutalala mzungu wa nne, miguu yako kichwani kwangu."