Maji Yasiyoonyesha Unyayo

Mume wangu Felisian alichukuliwa na mamba katika mto Mbwemkuru, na alikuwa ameingia kunawa matope tu. Tangu siku ile nilimlea binti yetu, Serafina, kwa amri moja: usipoona unyayo wako, usitie mguu majini. Niliirudia kila tulipokwenda kuteka maji, mpaka akawa anaitamka pamoja nami kama sala.

Agosti mwaka 1951, Mwalimu Teofili wa shule ya misheni, hapa Nachingwea, alipata lori la Wazungu wa mradi wa karanga. Akasema atawapeleka wanafunzi wanane pwani, walale kwenye mahema siku mbili, waone bahari na wanyama. Serafina alikuwa na miaka kumi. Nilikubali aende kwa sharti kwamba mpishi niwe mimi.

Dereva, Shaibu wa Likunja, alinitania njia nzima.

"Mama Serafina, umebeba panga na rozari. Simba akija utaanza na kipi?"

"Nitaanza na wewe. Una nyama nyingi kuliko mimi."

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufika ufukweni, tulipita bwawa lenye viboko watatu. Watoto walifurahi, mimi nikashika panga. Bahari yenyewe niliitazama kidogo tu. Macho yangu yalikuwa kwenye kichaka.

Tulipiga mahema kwenye mto mkavu unaoingia baharini, mchanga mweupe mpana, usio na nyasi za kuficha nyoka. Kwetu mto uliokauka Agosti haurudi mpaka mvua za Desemba. "Hapa tutaona kila kinachokuja," alisema Mwalimu, nami nikaona amesema kweli. Shaibu akaenda kijijini kutafuta samaki.

Nikachimba kisima mchangani kama tunavyochimba kwetu. Maji yakaja upesi, nikamshukuru Mungu. Nilipoyaonja yalikuwa chumvi tupu. Nikachimba kingine mbele kidogo, nacho kikajaa kabla sijaweka jembe chini. Jambo hilo halikunipendeza. Nikakitazama kichaka tena.

Kitu kikanigusa kisigino. Lilikuwa sufuria langu, linaelea.

Maji yalikuwa yanatoka baharini, yanapanda mto kimyakimya, kama mtu anayerudi kwake. Nikapiga kelele. Mwalimu akawakusanya watoto, wakakimbilia ukingoni. Nikawahesabu: saba.

Serafina alikuwa katikati ya mto, juu ya kichuguu cha mchanga, sketi imejaa makombe ya baharini. Maji kati yetu yalikuwa ya magoti, lakini yamechafuka, rangi ya chai ya maziwa.

"Serafina, njoo."

"Mama, sioni unyayo."

"Njoo, mwanangu. Nimekuruhusu."

Akaingiza kidole cha mguu, akakitoa. "Sioni, mama."

Mwalimu alimwita, wenzake wakamwita. Hakuwatazama. Alinitazama mimi, anangoja nimwambie maneno anayoyajua. Shaibu akatokea mbio kutoka kijijini, samaki mkononi, anasema maji yanajaa, yatafika kwenye matawi ya mikoko, tutoke. Mchanga chini ya Serafina ulikuwa umebaki mdogo kama mkeka.

Nikawaza lile bwawa la viboko. Nikamwaza Felisian, jinsi alivyokuwa amekunja suruali vizuri. Miaka mitano sikuwa nimekanyaga maji nisiyoyaona chini. Nikafanya ishara ya msalaba, panga nikalitupa, nikaingia.

Yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Kitu kikanipitia mguuni, laini, kizito. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Sikusimama.

"Panda mgongoni."

"Wewe unaona unyayo wako, mama?"

"Naona."

Akapanda. Makombe yakanimwagikia shingoni. Shaibu aliingia mpaka kifuani, akatupokea, akatuvuta ukingoni pamoja. Mahema yalikuwa yamekwenda, na unga wetu wote.

Serafina alikaa akiyatazama yale maji.

"Hukuuona," akasema.

"Sikuuona."

Tulilala ndani ya lori. Shaibu hakunitania tena, na alfajiri nilimsikia akisali nje, kando ya gurudumu, nami nikasali ndani. Uongo wangu nilimweleza padre wiki iliyofuata.

Jumatatu tulikwenda kuteka maji kijitoni kwetu. Ng'ombe walikuwa wameyavuruga. Serafina akasimama ukingoni na ndoo, akatazama miguu yake, kisha akanitazama mimi.

Nikakunja kanga mpaka magotini. Nikatangulia.