Funguo za Walezi

Fundi makochi alikuwa na misumari mitatu mdomoni dada yake alipompigia simu kusema haji.

"Kazini wamenikatalia ruhusa, kaka. Nisamehe bure."

Akaitemea misumari kiganjani. Kikao cha walezi kilikuwa saa tatu, na saa mbili na nusu ilishagonga. Alikwishakosa vikao viwili. Akikosa cha tatu, kadi ya binti yake haigongwi muhuri, na bila muhuri dirisha la dawa halimjui mtu, hata alie machozi ya damu. Kwenye kopo vilibaki vidonge vinne.

Kwenda naye haikuwezekana. Tangazo la zahanati lilisema wazi: wagonjwa wasiletwe. Kumwacha mlango wazi ndiyo kabisa. Mwezi uliopita sauti zilimwita, wakamkuta barabara kuu, peku, katikati ya malori.

"Leo shangazi haji," alimwambia.

Binti, miaka kumi na tisa, alikuwa amejifunika shuka gubigubi. "Kwa hiyo unanifungia."

"Kabla chai haijapoa kwenye chupa nitakuwa nimerudi."

"Uliapa, baba. Ulisema hutanifungia tena."

Akakusanya mikasi, visu, kiberiti na sindano kubwa za kushonea makochi, akavitia mfukoni mwa begi. Akafunga kufuli kwa nje, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Ee Mungu, wewe huhitaji ufunguo. Kaa naye."

Kule zahanati walezi walikaa kwenye mabenchi, bega kwa bega. Mwalimu wa kikao, mama mpole mwenye miwani, alisoma kutoka kwenye karatasi.

"Somo la leo, ndugu zangu: tusiwafungie vijana wetu. Kumfungia mtu ndani ni kumvunjia utu. Kuna swali?"

"Ninalo," alisema muuza nyanya, "ila mtaniona mjeuri."

Wakacheka. Fundi hakucheka. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimchoma. Akasimama.

"Samahani, mwalimu. Mmesema tusije nao, na tusipokuja hatupati dawa. Mimi wa kukaa naye sina. Nimemfungia." Akaweka ufunguo mezani.

Kisha muuza nyanya akaingiza mkono kifuani. "Wangu huu hapa. Una joto bado."

Bibi mmoja akafungua fundo kwenye pembe ya khanga kwa meno. "Wa mjukuu wangu."

"Mimi ninazo mbili," alisema dereva wa lori. "Kufuli moja kijana wangu analichokoa kwa kijiko. Angesoma, angekuwa injinia!"

Wakacheka tena, kicheko kikawafia midomoni. Wengine nao wakatoa zao, hata funguo nane zikalala juu ya karatasi ya somo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nitalifikisha juu," alisema. "Kwa sasa tuendelee. Somo la pili: subira."

Fundi akachukua ufunguo wake. Mlangoni karani alimzuia kwa kalamu.

"Mzee, muhuri ni mwisho wa kikao. Ukitoka sasa, mwezi huu dawa hupati."

"Niandikie sababu, basi. Nimekwenda kufungua mlango."

Karani akaikagua fomu juu hadi chini. "Hapa kuna Alihudhuria na Hakuhudhuria. Nafasi ya sababu hakuna."

"Nipe hiyo kalamu, mwanangu."

Akainama. Mkono uliozoea nyundo uliandika taratibu, pembeni mwa karatasi, nje ya mistari yote: *Alikuja. Amekwenda kumfungulia mtoto.* Akaweka na jina lake.

Karani hakugonga muhuri. Fundi alitoka karibu akikimbia, ufunguo umemkaa ngumini, akihesabu vidonge: leo, kesho, keshokutwa, mtondo. Nyuma yake benchi likalia, kana kwamba mtu mwingine ameinuka.