Goli Lililopita Viganjani

Katika kusimulia mpira hakuna anayenigusa: nikianza, msikilizaji anajifuta jasho la beki kwenye paji lake mwenyewe. Kasoro yangu ni ndogo tu, kwamba timu zikibadilishana pande baada ya mapumziko, mimi huendelea kushangilia goli lilelile. Basi tumfuate mtu aliyeujua mpira kweli, yaani Kiberenge.

Kiberenge alikuwa mshambuliaji wa kulipwa, na jina hilo alipewa kwa sababu akishaanza kukimbia hakuwa na breki. Miguu yake ilikatiwa bima. Mdomo wake haukukatiwa, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

Siku hiyo alikosa penalti. Si kukosa kwa kudakwa, ambako mtu anaweza kumsifu kipa akajifariji. Alipaisha, mpira ukaenda kuangukia kwenye maegesho ya magari. Uwanja mzima ukamzomea. Chini kabisa, jirani na kibendera cha kona, palikuwa na safu moja ya viti vya mashabiki wasioona, na wao wakamzomea, tena kwa pumzi ndefu kuliko wenzao. Kiberenge akaingia chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akashika simu akawaandikia wafuasi wake wote: "Leo hata vipofu wamenizomea. Waliniona wapi? Wakae nyumbani wahesabu vidole vyao, viti wapewe wenye macho." Akapachika na vile vikatuni vinavyocheka mpaka vinalia, akaenda kuoga.

Jiwe ukilirusha, unaliona linakoangukia. Neno la simuni hulioni. Linaanguka kila mahali kwa mpigo mmoja. Alipotoka bafuni, povu bado sikioni, simu ilikuwa inatetemeka juu ya benchi kama kuku aliyechinjwa, ikajisukuma yenyewe mpaka ikadondoka sakafuni. Aliiokota akabaki ameiduwalia. Watu wa miji ambayo hakuwahi hata kupita walikuwa wanalipindua neno lake huku na huko kama samaki kwenye kikaango. Mmoja alimwandikia kwamba ana binti asiyeona, na kwamba binti huyo alikuwa na jezi yake. Kiberenge akalifuta neno lake haraka. Lakini walikuwa wameshalipiga picha, na picha zikazaa picha.

Kesho yake fundi wa mabango alionekana juu ya ngazi akimbandua Kiberenge kwenye tangazo la soda. Alianzia kwenye nywele akashuka taratibu, na kufikia adhuhuri palikuwa pamebaki kidevu na chupa.

"Huu ni uonevu," Kiberenge alimwambia shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa. Shangazi alikuwa fundi cherehani na alikuwa amebana pini midomoni. "Simu yangu, ukurasa wangu, bando nimenunua mwenyewe. Kwani siku hizi mtu hana uhuru wa kusema?"

Shangazi akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kipande cha sponji. "Unao, mwanangu. Na meno ni yako vilevile. Ila ukimng'ata mtu, kidonda kinakuwa chake."

"Ulikuwa utani, shangazi."

"Utani una watani. Wale umetaniana nao lini?" Akamtazama miguuni. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na wewe bima umeenda kuweka kwenye kidole!"

Klabu ikamsimamisha. Mwanasheria akamtungia msamaha: "Endapo kuna yeyote aliyekwazika kwa namna yoyote ile..." Kiberenge akaubandika bila kuusoma hadi mwisho, na watu waliokuwa wameanza kupoa wakachemka upya. Ndipo meneja alipomwita ofisini.

"Bosi, kwani nimeua mtu?"

"Hujaua. Wala hakuna aliyekukataza kusema. Umesema, tumesikia, sasa na sisi ni zamu yetu. Dirisha la usajili likifunguliwa, tunaachana." Meneja akajikuna shingo. "Ila kuna jambo. Safu ile ya kona wameleta ujumbe. Msamaha wa mwanasheria wamesema wameunusa, hauna jasho la mtu. Wanataka Jumamosi ukae nao uwasimulie mechi. Ukisimulia kwa haki, mwenyekiti wao ataniambia nikurudishe, na mimi nitakurudisha. Ukiwadanganya au ukiwadharau, usije hata kuchukua viatu."

"Kusimulia tu?" Kiberenge akacheka, mara ya kwanza tangu balaa lile lianze. "Kuucheza naweza, sembuse kuusema?"

Jumamosi akateremka ngazi za jukwaa amevuta kofia mpaka puani, kana kwamba wale anaowaendea watamtambua kwa sura. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpokea simu wa hospitali, na wote walimwita Opereta. Kazi yake ilimzoeza kumjua mtu kwa pumzi kabla hajasema halo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, baba penalti. Ule mpira umesharudi, au bado uko angani?"

Safu nzima ikaangua kicheko. Kiberenge akakaa alipoelekezwa: kushoto kwake Opereta na wenzake, kulia kwake, kwenye kiti cha mwisho, mzee mmoja aliyevua viatu na kukanyaga zege kwa nyayo tupu.

"Huyo ni Seremala," Opereta akasema. "Macho yalimpotea utotoni. Masikio yalikwenda na mashine za kupasulia mbao. Haoni wala hasikii."

"Sasa... mpira anaufuataje?"

"Swali zuri sana. Ungeliuliza kabla hujaandika."

Akamshika Kiberenge mkono, akamwonyesha. Kiganja cha Seremala ndicho uwanja. Kwenye kifundo cha mkono ni goli letu, kwenye ncha za vidole ni goli lao. Kidole cha msimulizi ndicho mpira, na kila mchezaji ana alama yake: kipa ni kubanwa, nahodha ni kugongwa, na yule kijana aliyeingia kwenye nafasi ya Kiberenge, anayeitwa Kijiti, ni kuparuzwa kwa ukucha. "Mdomo wako utusimulie sisi, kidole chako kimsimulie yeye. Kwa pamoja."

"Na mimi? Nilikuwa na alama?"

Opereta aliukunja mkono wa Kiberenge ukawa ngumi, akauangusha mzimamzima kwenye kiganja cha mzee.

"Kiberenge!" Seremala akapaza sauti kama mtu aliyeletewa mjukuu, uso wote ukang'aa. Halafu akakumbuka. Ule mwanga ukazima, akauvuta mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali. Baada ya muda akaurudisha na kuufungua tena, kwa sababu mpira ulikuwa unakaribia kuanza na msimulizi mwingine hakuwepo.

Kiberenge alitazama kile kiganja. Kilikuwa kigumu, kimejaa makovu ya misumari, na katikati kilikuwa kimelainika kwa kusuguliwa na mechi za miaka. Akahisi haya ya kuweka kidole chake pale.

Filimbi ikalia.

"Haya, wanaanza," akasema. "Anampa yule. Yule anampa huyu. Ah, ona pale! Pale, pale!"

"Pale wapi?" safu ikauliza.

"Huyu nani?" mwingine akadakia.

"Kijana, unatusimulia sisi au unajisimulia mwenyewe?" Opereta akasema. "Mimi mtu akinipigia akasema 'nipe yule daktari wa pale', namkatia."

Akajikwaa, akarudi, akajikwaa tena. Mtu aliyecheza mpira maisha yake yote hakuwa na maneno ya kuuita. Lakini mwili una akili zake. Polepole kidole kilianza kuupata mwendo, kikaanza kukimbia chenyewe juu ya kile kiganja, na ulimi ukakifuata nyuma kama mtoto anayemkimbilia mama yake sokoni. "Nahodha katikati, anageuka, kulia kuna nafasi, krosi, juu, kipa wao anapangua!" Seremala akaanza kuitikia kwa mabega. Mpira ukiwa mbali alilegea. Ukikaribia ncha za vidole alijikusanya, na nyayo zake zikajibana kwenye zege, zikiusikiliza uwanja kwa chini, ule mtikisiko wa maelfu ya miguu unaopanda kama maji kwenye mche.

Kisha timu pinzani ikafunga. Kiberenge alilisema goli hilo bila kupenda na kukiburuza kidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Uwanja ukanywea. Ndipo akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miaka yote ya kushangiliwa.

Seremala aliinama juu ya mapaja ya Kiberenge, akakitafuta kiganja cha Opereta, akalichora lile goli upya: pasi ndefu, beki kuteleza, shuti la chini. Opereta akamgeukia jirani yake, naye akalichora. Jirani akamgeukia jirani. Goli likatembea safu nzima, kiganja kwa kiganja, likiwa na kila kona yake na kila kituo chake, mpaka kiti cha mwisho cha upande wa pili, ambako binti mmoja alifumba ngumi juu yake kama anayefunika kitu kisimwagike.

"Mnafanya nini?" Kiberenge akanong'ona. Mwenyewe hakujua kwa nini ananong'ona.

"Tunalirudisha," Opereta akasema. "Goli kwetu halijahesabiwa mpaka lifike mwisho wa safu. La kwetu, la kwao, yote tunayarudisha. Hata ule mkosi wako wa penalti tuliurudisha. Ulichukua muda. Kila mtu alitaka kuhakikisha kwamba kweli kidole kinatoka nje ya mkono."

Kiberenge hakucheka. Aliwaza magoli yake yote, aliyoyafunga akakimbilia kamera na kuonyesha jina mgongoni, na kumbe kila mara huku chini yalikuwa yanapokelewa hivi, kimya, mikononi mwa watu, kama moto unaogawiwa jirani kwa jirani. Alikuwa amesimama kwenye viwanja vikubwa na taa zake zote, lakini hakuwahi kuingia mahali palipomfanya atamani kuvua viatu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningewaambia aliongoka, tukaenda zetu kulala. Lakini mtu ni mtu, na mshambuliaji ni mtu na nusu.

Kipindi cha pili timu yetu ikasawazisha kwa kona, nahodha kwa kichwa, nalo likarudishwa kwa shangwe. Kisha dakika zikayoyoma. Na kuelekea mwisho kabisa mpira ukamfikia Kijiti katikati ya uwanja.

Kiberenge alimwona kabla ya wote. Kijiti aligeuka, akakimbia kushoto, akarudi kulia, mabeki wawili wakamfuata kwa pupa. Halafu akafanya kitu ambacho Kiberenge, asiye na breki, hakukiweza hata siku moja: akasimama. Akasimama kabisa, mguu juu ya mpira, na wale wawili wakapitiliza kama mikokoteni mteremkoni. Kisha akaunyanyua mpira kwa ncha ya kiatu, ukapinda, ukampita kipa, ukajikunja kwenye kona ya mbali kama paka anayelala.

Uwanja ukapasuka. Si jina lililotajwa, ilikuwa sauti tu, ngurumo, na kipaza sauti cha matangazo kikamezwa humohumo. Zege likatetemeka. Seremala alisimama wima, mkono wake bado wazi.

"Nani? Nani kafunga?" Safu yote ilikuwa inamvuta Kiberenge mikono, kofia, shati. "Sema, nani?"

Na ndani ya kufumba na kufumbua Kiberenge akaona mbali. Akaona bango jipya la soda, na uso ulio juu yake si wake. Akaona anasamehewa, anarudishwa, na anarudishwa benchini. Msamaha bila namba una faida gani?

"Beki wao!" akasema. "Amejifunga. Krosi imemgonga goti, ikaingia. Bahati tu."

"Kijiti je?"

"Hata hakuwa karibu."

Mikono ikamwachia. "Ah," mmoja akasema, kwa unyonge kidogo. "Goli ni goli."

Kiberenge akashusha pumzi. Hapo ndipo alipogundua kwamba Seremala alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na kwamba mzee alikuwa anainama juu ya mapaja yake kukitafuta kiganja cha Opereta.

Alikitazama kidole chake mwenyewe. Kidole hakikuwa kimengoja kuulizwa. Wakati macho yanaangalia na moyo unaungua, kilikuwa kimekwenda na kila hatua juu ya kiganja cha mzee, kama mguu unavyokwenda na mpira bila kumwuliza mwenyewe.

Seremala alichora. Ukucha, kutoka katikati. Ukucha kushoto. Ukucha kulia. Halafu kidole kikasimama, kikatulia pale pale, na uso wa Opereta nao ukatulia. Vidole viwili vya mzee vikateleza vikapitiliza. Kisha ule ukucha ukanyanyuka, ukapinda hewani, ukatua taratibu kwenye ncha ya kidole cha mwisho.

Opereta aligeuka, akalirudisha kwa jirani. Jirani akavuta pumzi kwa mshangao, akalirudisha. Likatembea, na kila lilipopita mdomo uliachama, mpaka likafika kwa binti wa mwisho, naye akaweka kiganja chake kifuani. Kisha vichwa vyote, kuanzia kule mwisho, vikaanza kugeuka kimoja kimoja kumwelekea Kiberenge.

"Kiberenge," Opereta akaita, kwa ile sauti ya simuni.

"Naam, mama."

"Nilikuwa sijakusikia vizuri, kelele nyingi. Umesema kafunga nani?"

"Beki... wao."

"Kwa goti?"

"Kwa goti, mama."

Opereta akamshika mkono, akakipapasa kidole chake cha shahada mpaka kwenye ncha, taratibu, kama anayemtafutia mtu mwiba.

"Basi hilo goti la beki," akasema, "mbona lina ukucha?"