Daftari Lililotangulia Saa

Mkaguzi wa leseni alikuwa anashuka kwenye gari lake nje ya geti, mimi niko ndani ya kibanda cha mlinzi nafungua daftari la matukio nihakikishe liko sawa. Halikuwa sawa.

Ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi. Ukurasa wa leo ulikuwa umejaa mpaka chini. Saa nne, hali shwari. Saa tano, hali shwari. Saa sita, saa saba, saa nane, inashuka hivyohivyo mpaka saa kumi na mbili jioni, yote kwa mwandiko wa mjomba wangu, ule mzuri wa kulala upande.

Kwa asiyeijua kazi hii, daftari la matukio ndiyo roho ya lindo. Kila saa mlinzi anaandika alichokiona. Pakiibiwa, polisi wanaanzia hapo, na mahakama inaanzia hapo. Ukiandika saa ambayo haijafika, wewe ni shahidi unayekula kiapo kesi haijatokea.

Nikamgeukia mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa zamu. Alikuwa ananyoosha kofia yake akafungue geti.

"Mjomba, hii nini?"

"Daftari."

"Naona ni daftari! Saa kumi jioni umeiona wapi wewe?"

"Kwani haitafika?"

"Mjomba!"

"Itafika, na itakuwa shwari. Wasiwasi wako nini?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mwenye homa.

"Kule nilikotoka," akasema, "msimamizi alikuwa anapita muda wowote, anataka ukurasa umejaa. Usipojaza, ulilala. Miaka ishirini na miwili nimejaza asubuhi, na hakuna aliyenikemea."

"Kule ulikotoka walikuwa wanakagua macho yamefumbwa!"

"Punguza sauti, mgeni atasikia. Huo mdomo wako ndio uliokufukuzisha shule."

"Sikufukuzwa. Niliacha."

"Uliachwa," akasema, akaenda kufungua geti gari liingie.

Nieleze kidogo nilikuwa nimekalia nini: nilikuwa nafungua kampuni yangu ya ulinzi. Bila leseni huruhusiwi kuweka hata mlinzi mmoja kwenye geti la mtu. Mwenye kiwanda cha unga alishaniambia mageti yake yote mawili ni yangu nikimletea leseni kabla ya Ijumaa. Zaidi ya hapo anachukua kampuni nyingine. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mimi nilishaacha kazi yangu ya ulinzi, vijana sita walishaacha zao kwa neno langu, na sheria inataka kampuni iwe na mkuu wa ulinzi mwenye uzoefu wa miaka kumi. Mimi ninayo minne. Mjomba anayo ishirini na miwili. Kwa hiyo faili zima la maombi lilikuwa limesimama juu ya mabega yake, na kwa wiki mbili tulikuwa tunalinda ofisi yetu wenyewe, vyumba viwili na uwanja, kwa zamu, kwa sare, kwa daftari, ili mkaguzi akija aikute kazi inatembea.

Sasa kazi ilikuwa imetembea mpaka jioni.

Kuchana ukurasa haikuwezekana. Kurasa zina namba za kuchapwa, na ukurasa uliokosekana ni kosa kubwa kuliko uliojazwa. Nikaingia ofisini mbio na daftari kwapani. Dada yangu, ambaye ndiye karani wetu, alikuwa anapanga mafaili. Nikamwonyesha. Akasoma mistari miwili, akajishika kichwa.

"Limwagie chai."

"Nini?"

"Limwagie chai, useme bahati mbaya."

"Chai iko wapi?"

"Basi maji."

Sitadanganya, niliitazama ndoo ya maji iliyokuwa pembeni. Lakini mlango ukafunguliwa, mkaguzi akaingia, mjomba nyuma yake kifua mbele kama yuko kwenye gwaride.

Alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, viatu bapa. Aliongea taratibu, kama mtu aliyezoea kutokatizwa. Nikalisukuma daftari chini ya rundo la mafaili, nikamwambia tuanze na sare, ziko nyuma, vijana wanamsubiri juani.

Akazikagua sare, akaridhika rangi hazifanani na za polisi. Akakagua vyeti vya alama za vidole, kimoja baada ya kingine, analinganisha picha na sura. Akafungua sanduku la dawa. Mimi namweleza kila kitu mara mbili. Mpango wangu, kama unaweza kuuita mpango, ulikuwa achoke, ajisikie njaa, aondoke.

Nikachukua filimbi, nikaanza kumweleza filimbi.

"Kijana, filimbi naijua."

"Hii inalia mbali zaidi, madam."

"Ipulize."

Nikaipuliza. Majirani wawili wakachungulia ukutani.

"Imelia," akasema. "Daftari la matukio liko wapi?"

"Lipo ofisini, madam, ila kabla ya hapo kuna mtungi wa kuzimia moto..."

"Daftari."

Tukarudi ofisini. Dada alilitoa chini ya mafaili polepole sana, kama anatoa mtoto aliyelala. Mkaguzi akavaa miwani. Akaanza ukurasa wa kwanza, wiki mbili nyuma, anafunua, anafunua. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Akafika leo. Akasoma, akanyanyua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika kumi. Akarudi kusoma, safari hii kwa sauti.

"Saa tano, hali shwari. Saa tano na nusu, mkaguzi amemaliza kazi, ameondoka ameridhika."

Huo mstari mimi sikuwa nimeuona. Nilikimbilia chini ya ukurasa, katikati sikusoma.

"Naomba kujua," akasema, "nimeridhika saa ngapi?"

Dada akakohoa. Kilikuwa kicheko, namjua, cha woga. Na mimi nikafanya kile ninachofanya siku zote nikibanwa: mdomo ukatangulia.

"Madam, hiyo nimeandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika hapo, ameridhika."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni ule ule niliotoka nao shule, na niliutoa mapema. Akaweka karatasi kando ya daftari. Hakuhitaji hata miwani.

"Wewe ni wa pili kudanganya leo, baada ya daftari," akasema.

"Ni mimi, mama." Mjomba alikuwa mlangoni. "Mpwa wangu huyu hawezi kuandika vizuri hivyo."

"Mzee wangu, kwa nini?"

Alifikiri kweli. "Niliona ni heshima, mama. Ufike ukute umeshaandikwa vizuri."

Mkaguzi hakucheka. Alifunga daftari, akalitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. "Hili naondoka nalo. Litaunganishwa na ripoti. Sidhani kama nitakuwa na maneno mengi ya kuongeza."

Akatoka. Mjomba akatangulia kwenda geti lake. Mimi nikamfuata mjomba, na nilimwambia maneno ambayo mama yangu akiyasikia atanitandika na umri huu. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia yeye si mkuu wa ulinzi, ni korokoroni wa kuandika ndoto zake. Alisimama mbele ya kufuli, mikono nyuma. Gari la mkaguzi likaunguruma, likaja, likasimama mbele yake. Likapiga honi.

Hakufungua.

Akaenda dirishani kwa mkaguzi. "Mama, samahani. Kwenye mkoba wako kuna mali ya lindo."

"Kuna nini?"

"Daftari. Daftari la matukio halitoki getini bila kuandikwa. Nani kalichukua, saa ngapi, kwa sababu gani, na sahihi."

"Mzee, unajua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri, mama."

"Hilo daftari ni ushahidi dhidi yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana liandikwe. Likitoka hivihivi, kesho mtu atasema liliokotwa."

Dereva wake akapiga honi tena, ndefu. Nikamshika mjomba mkono, nikamvuta pembeni. "Fungua! Unataka atufungie milele? Fungua, nakuomba, nitapiga magoti hapa!"

"Piga tu. Hii sakafu ya zege umeimwaga mwenyewe."

"Mimi ndiye mkurugenzi!"

"Na mimi ndiye niliyeko zamu."

Mkaguzi akatoa kichwa dirishani. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayesubiri bei. "Kijana. Wewe ndiye mwenye kampuni. Una ufunguo wa akiba?"

Nilikuwa nao, mfukoni.

"Ninao, madam."

"Basi fungua."

Nikautoa. Nikapiga hatua mbili kwenda kwenye kufuli. Nilitaka kufungua, tena nilitaka sana, nilikuwa tayari hata kumsukumia gari. Vijana wangu sita walikuwa wamepanga mstari kando ya ukuta, wananitazama mimi, si yeye. Wiki mbili nimewapigia kelele kwamba kitu hakitoki getini bila kuandikwa, awe bosi, awe mke wa bosi, awe nani. Nikawaza Jumatatu, geti la kiwanda, gari la mkubwa fulani lina magunia nyuma, honi inalia, na mmoja wa hawa sita ameshika ufunguo anakumbuka nilichofanya leo.

Nikarudi, nikamkabidhi mjomba ufunguo wa akiba.

"Anayefungua ni mlinzi, madam," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si ile niliyoitaka. "Utanisamehe. Naomba usaini."

Dereva alitoa mkono kwenye honi, akamtazama mkaguzi, akanitazama mimi, akapandisha nyusi kama mtu anayesema haya, poleni.

Mkaguzi akafungua zipu. Akatoa daftari, akamkabidhi mjomba kupitia dirishani. Mjomba akaliweka juu ya boneti. Kwanza alipiga mstari juu ya kila saa ambayo haikuwa imefika, mmoja mmoja, kwa rula, kana kwamba tuna siku nzima. Pembeni akaandika: haya niliyaandika kabla ya wakati wake, ni kosa langu. Akasaini. Halafu akatazama saa yake, akaandika: saa tano na dakika kumi na mbili, daftari hili limechukuliwa na mkaguzi wa leseni kama ushahidi wa kosa la mlinzi aliyeko zamu. Akamgeuzia asaini.

Mkaguzi akasoma yote, akasaini. Kisha hakulirudisha mkobani. Alibaki nalo mapajani, akatoa fomu yetu, akaanza kuandika. Mimi nasikia kalamu tu. Aliandika muda mrefu kiasi kwamba dereva akazima injini.

"Njoo," akaniita. "Leseni ya muda, miezi mitatu. Kesho asubuhi uje uichukue ofisini. Kosa la daftari limeandikwa, na nitapita bila kuwaambia."

Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Sijamaliza. Huyu mzee hawezi kuwa mkuu wa ulinzi. Aliyejaza daftari asubuhi miaka yote hiyo hatawafundisha wengine kulijaza. Ndani ya miezi mitatu uniletee mtu mwingine mwenye sifa. Yeye, kama mnamtaka, abaki getini." Akamtazama mjomba. "Hapo getini sina neno naye."

Mjomba akapiga saluti. Akafungua geti, gari likatoka, akafunga, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha.

Vijana walianza kushangilia, nikawakodolea macho, wakanyamaza. Leseni nimepata. Ijumaa nimeiwahi. Na mjomba alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kuwa sasa yeye ni mkuu, wanawe walikuwa wanampigia simu wanamwita mkuu. Sikujua nianzie wapi. Nikamfuata kibandani.

"Mjomba," nikasema, "yale niliyosema pale..."

"Ulisema mengi. Mengine yalikuwa kweli." Alikuwa amenipa mgongo, anafuta vumbi kwenye meza ya kibanda ambayo haikuwa na vumbi. Alifuta muda mrefu. "Mama yako utamwambia wewe. Mimi siwezi."

"Nitamwambia."

"Na usinipambe. Mwambie nilikosea."

"Sawa."

Akakunja kitambaa. "Kule kiwandani, malori ya nafaka yanaingilia geti lipi?"

"Sijui."

"Hujui." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imesimama. "Umeomba kulinda mahali hujui lori linaingilia wapi? Geti la kutokea je? Mizani iko ndani au nje? Taa?"

"Mjomba, nilikuwa nahangaika na leseni."

"Leseni, leseni. Leseni italinda unga?" Akamwita kijana wa kwanza kwenye mstari aje ashike zamu, akamkabidhi funguo zote mbili, akamsimamia mpaka alipofungua daftari jipya na kuandika saa. Halafu akachukua kofia yake.

"Twende tukapaone," akasema. "Kwa miguu. Njiani ukae kimya kidogo."

Nikakaa kimya kidogo.